Moyo Kwenda Mbio: Mwongozo wa Kuielewa Dalili na Kujua Wakati wa Kumwona Tabibu

Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kwa kawaida mwenyewe hasikii hata pigo moja. Pale anapoanza kuyasikia mapigo hayo, iwe ni kwa moyo kwenda mbio, kudunda kwa nguvu kifuani au kooni, kuruka pigo kisha kushtuka, au kupapatika bila mpangilio, wataalamu wa tiba huihesabu hali hiyo kuwa ni dalili na wala si ugonjwa wenyewe, kwa sababu huweza kuletwa na mambo yanayotofautiana sana kwa uzito, kuanzia kikombe cha kahawa kilichonywewa usiku hadi vali ya moyo iliyoharibika tangu utotoni. Mwongozo huu unakusudia kumwezesha msomaji kuyatenganisha mambo hayo, kwa kadiri inavyowezekana kabla ya kufika kwa tabibu, na msingi wake ni kwamba nguvu ya mdundo si kipimo cha hatari. Mapigo yanayomtia mtu hofu kubwa mara nyingi hayana madhara yoyote, ilhali hitilafu ya mdundo inayoweza kuleta kiharusi huweza kukaa miezi kadhaa bila mgonjwa kuhisi lolote. Kinachopaswa kuangaliwa ni namna mapigo yanavyoanza na kuisha, dalili zinazofuatana nayo, na hali ya afya ya yule anayeyapata.

Pigo linavyozaliwa na linavyohesabiwa

Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu vinavyopokea damu na viwili vya chini vinavyoisukuma, na kazi hiyo huongozwa na umeme hafifu unaozalishwa na fundo dogo la seli lililo katika chumba cha juu cha upande wa kulia. Umeme huo husambaa kwanza katika vyumba vya juu, hucheleweshwa kidogo katika fundo la pili lililo katikati ili damu ipate nafasi ya kuteremka, kisha hushuka kwa njia yake maalumu hadi vyumba vya chini, ambavyo hujikunja kwa pamoja na kuipeleka damu mapafuni na mwilini. Fundo la kwanza hupokea amri za neva na za homoni, hususan adrenalini, ambayo ni homoni inayomiminwa katika damu mtu anaposhtuka, anapokimbia au anapoumwa. Kwa hiyo moyo wa mtu mwenye homa au aliyepanda mlima ukienda mbio, hauna kasoro bali unatimiza wajibu wake. Kwa mtu mzima aliyetulia kiwango cha kawaida ni mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Wanamichezo waliozoea mazoezi mazito huweza kuwa na 50 au hata 40 bila tatizo, na mtoto aliyezaliwa karibuni huwa na 100 hadi 160.

Kuhesabu mapigo ni jambo ambalo kila mtu anaweza kujifunza, na linafaa kujifunzwa siku ambayo moyo umetulia ili lisije likaanza kutafutwa wakati wa taharuki. Mtu huketi kwa dakika tano bila kuzungumza, huulaza mkono juu ya meza kiganja kikitazama juu, kisha huweka ncha za kidole cha shahada na kidole cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, katika bonde lililo kati ya mfupa na mishipa minene inayoonekana mkono unapokunjwa. Kidole gumba hakitumiki kupimia, kwa kuwa kina mpigo wake chenyewe unaoweza kumchanganya anayehesabu. Hukandamizwa kwa wepesi, maana ateri ikibanwa sana mpigo hupotea, na huhesabiwa kwa sekunde 30 kisha jumla ikazidishwa mara mbili. Lakini ikiwa mapigo hayana mpangilio, ni lazima yahesabiwe kwa dakika nzima. Pamoja na idadi, anayepima anapaswa kuusikiliza mwendo wenyewe na kuufuatisha kwa kugonga meza kwa mkono mwingine, kwa sababu tabibu atakayeambiwa kwamba mapigo yalikuwa 170 na yakifuatana sawasawa atawaza jambo tofauti kabisa na atakayeambiwa kwamba yalikuwa 130 na hayakuwa na mpangilio wowote. Mashine za kupimia presha nyumbani huonyesha pia idadi ya mapigo, ila nyingi hukosea pale mdundo unapokuwa wa ovyo, na hapo vidole hubaki kuwa shahidi mwaminifu zaidi.

Namna nne za kuusikia moyo

Namna iliyo ya kawaida kuliko zote ni ile ya pigo kurukwa, ambapo mtu huhisi kana kwamba moyo umesimama kwa nukta moja kisha ukadunda kwa kishindo. Ukweli ni kwamba hakuna pigo lililorukwa. Lililotokea ni pigo la ziada lililokuja mapema kabla ya zamu yake, likafuatwa na kituo kirefu kidogo ambacho katika muda wake vyumba vya chini vilijaa damu kupita kawaida, ndipo pigo lililofuata likawa na nguvu ya kusikika. Mapigo ya namna hii hutokea kwa watu wengi wenye afya njema, huzidi wakati wa uchovu na kukosa usingizi, na husikika zaidi usiku mtu akiwa amelalia ubavu wa kushoto, kwa vile moyo huwa umesogea karibu na ukuta wa kifua na hakuna kelele za kuuzuia usisikike. Hayahitaji tiba kwa mtu ambaye moyo wake umepimwa ukaonekana mzima.

Namna ya pili ni mbio zinazopanda polepole na kushuka polepole, zikiwa na mapigo ambayo kwa mtu aliyetulia ni nadra kuvuka 150 kwa dakika. Hizi karibu daima zina chanzo nje ya umeme wa moyo, kama vile homa, upungufu wa damu, kukaukiwa maji mwilini au hofu, na anayehangaika kuutibu moyo wenyewe katika hali hii anakiacha chanzo kikiendelea.

Namna ya tatu hutofautiana na ya pili kwa jambo moja ambalo wagonjwa hulieleza vizuri wakiulizwa, nalo ni kwamba huanza ghafla, mara nyingi mtu akiwa ameketi tu au ameinama kuokota kitu, na huisha ghafla vilevile baada ya dakika au saa kadhaa. Mapigo huwa kati ya 150 na 250 kwa dakika na hufuatana sawasawa, na baada ya mbio hizo kuisha wagonjwa wengine hukojoa mkojo mwingi mweupe. Chanzo ni njia ya ziada ya umeme, ambayo mara nyingi mtu amezaliwa nayo, inayoufanya umeme uzunguke mahali pamoja badala ya kushuka na kuisha. Mara nyingi hali hii si ya kuua, lakini inatibika, na ni jambo la kusikitisha kwamba wanawake vijana wenye mbio za namna hii wamekuwa wakiambiwa mara kwa mara kuwa ni mawazo tu, wakati kipimo kimoja kilichochukuliwa kwa wakati wake kingetosha kuonyesha ukweli.

Namna ya nne ni mpapatiko wa vyumba vya juu. Umeme katika vyumba hivyo huvurugika, ukawa unafyatuka mara 350 hadi 600 kwa dakika, navyo hushindwa kujikunja vikabaki vinatetemeka, huku fundo la kati likipitisha sehemu tu ya vurugu hiyo kwenda chini, hivi kwamba mpigo unaopimwa mkononi hukosa mpangilio kabisa, mwingine ukiwa na nguvu na mwingine ukiwa hafifu. Damu inayotuama katika chumba cha juu cha kushoto huweza kuganda, na bonge la damu hiyo likichukuliwa na mkondo hadi kwenye ubongo huleta kiharusi. Uwezekano wa kiharusi kwa mwenye mpapatiko ni takriban mara tano ya ule wa asiye nao. Hii ndiyo hitilafu iliyotajwa mwanzoni ambayo baadhi ya wagonjwa hawaihisi kabisa.

Vyanzo vilivyo nje ya moyo

Katika Afrika Mashariki, chanzo kinachostahili kutafutwa mapema kwa mtu ambaye moyo wake unakwenda mbio kwa kazi ndogo ni upungufu wa damu. Himoglobini ni protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni, na inapopungua moyo hulazimika kuizungusha damu iliyopo kwa kasi zaidi ili viungo vipate mahitaji yao. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, mjamzito chini ya 11 (10.5 katika miezi mitatu ya kati ya mimba), na mwanamume chini ya 13. Malaria, minyoo ya safura, hedhi nzito, mimba zinazofuatana kwa karibu, vidonda vya tumbo vinavyovuja damu na ugonjwa wa selimundu ndivyo visababishi vinavyokutana na matabibu kila siku. Dalili zake huonekana kwa macho: upande wa ndani wa kope ya chini hupauka, viganja na ulimi hupoteza wekundu, mtu huchoka kwa kufagia uwanja tu, na wengine hupata hamu isiyoelezeka ya kutafuna udongo, barafu au mchele mbichi. Kipimo chake hufanyika kwa tone la damu la kidole hata katika zahanati nyingi, na ni kipimo rahisi. Anayepewa vidonge vya madini ya chuma anashauriwa asivinywe pamoja na chai, kwa kuwa chai huyazuia madini hayo yasifyonzwe, na asishtuke choo kikigeuka cheusi.

Ujauzito peke yake huongeza wingi wa damu mwilini kwa asilimia 40 hadi 50 na huongeza mapigo ya moyo kwa 10 hadi 20 kwa dakika, hivyo mjamzito kuusikia moyo wake si jambo la ajabu. Lakini mjamzito anayekohoa na kukosa pumzi usiku hadi akalazimika kuketi hayumo katika hali hiyo ya kawaida, na sababu yake inaelezwa mbele kidogo. Homa nayo huongeza takriban mapigo 10 kwa kila nyuzi moja ya joto la mwili. Tezi ya shingo, inayoitwa thairoidi, ikizalisha homoni kupita kiasi humfanya mtu apungue mwili ilhali anakula vizuri, atetemeke vidole, asistahimili joto na ausikie moyo wake ukienda mbio hata usingizini. Uvimbe wa shingo au macho yaliyotokeza ni ishara za kuthibitishwa kwa kipimo cha damu. Mwenye kisukari anayetumia insulini, akianza kutokwa jasho jembamba na kutetemeka huku moyo ukimdunda, anapaswa kupimwa sukari mara moja au apewe kitu chenye sukari, kwa sababu sukari inaposhuka adrenalini hupanda, na jambo hili linahitaji uangalifu wa ziada katika mwezi wa Ramadhani kwa wale wanaofunga bila kushauriana na daktari wao.

Vinavyoingia mwilini kwa hiari ni orodha ndefu, na mgonjwa mara nyingi huvisahau kwa kuwa amevizoea. Kahawa tungu ya vibarazani kwa kiasi cha kawaida haiwadhuru watu wengi, lakini makopo mawili matatu ya vinywaji vya kuongeza nguvu ni jambo jingine, hasa yakinywewa na dereva wa masafa marefu asiyelala. Miraa, inayoitwa mirungi kwa upande wa Tanzania, ina katinoni, kemikali inayofanya kazi kwa namna inayokaribiana na amfetamini, na hupandisha mapigo na presha kwa pamoja. Pombe nyingi ya siku moja, iwe ya dukani au gongo, huweza kuzusha mpapatiko hata kwa kijana asiye na ugonjwa wowote wa moyo. Tumbaku haihitaji maelezo.

Dawa nazo zina sehemu yake. Salbutamoli ya pumu na baadhi ya dawa za mafua za kuzibua pua huenda zikauendesha moyo mbio kwa muda mfupi. Dawa za kuongeza mkojo, na pia kuhara na kutapika kwa siku kadhaa, huondoa potasiamu mwilini, madini ambayo umeme wa moyo hauwezi kuwa shwari bila hayo. Kwinini ya malaria, pamoja na bedakwilini inayotumika kwa kifua kikuu sugu, hurefusha muda ambao moyo huchukua kujiandaa kwa pigo linalofuata, na ndiyo sababu wagonjwa wa kifua kikuu sugu hupimwa umeme wa moyo mara kwa mara katika kipindi cha matibabu. Hakuna dawa yoyote kati ya hizi inayopaswa kuachwa kwa uamuzi wa mgonjwa mwenyewe. Kinachotakiwa ni kumwambia tabibu majina ya zote, zikiwemo mitishamba, bila kuona haya.

Hofu na huzuni zinaweza kuuendesha moyo mbio, pamoja na ganzi ya midomo na vidole inayotokana na kuhema haraka, na mawimbi ya namna hiyo kwa kawaida hupungua ndani ya nusu saa. Ila wasiwasi unapaswa kuwa hitimisho baada ya damu na umeme wa moyo kupimwa.

Koo la mtoto na vali ya mtu mzima

Ugonjwa wa moyo unaohusiana zaidi na mapigo ya ovyo kwa vijana wa ukanda huu huanzia mbali na moyo. Mtoto wa umri wa miaka 5 hadi 15 hupata maambukizi ya koo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoka, mafindofindo yakavimba na homa ikapanda. Asipopewa penisilini, wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili wake huweza kukosea na kuvishambulia viungo vyake yenyewe, maumivu yakawa yanahama kutoka goti hadi kifundo cha mguu hadi kiwiko. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Viungo hupona, lakini vali za moyo, hasa iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, huweza kubaki na makovu yanayozidi kukaza mwaka hadi mwaka, mpaka kijana anafika miaka ya ishirini akiwa na mlango mwembamba ambao damu hupita kwa shida.

Damu huupita mlango huo katika muda wa mapumziko kati ya pigo moja na jingine, na moyo unapokwenda mbio muda huo ndio unaofupishwa kuliko wote, hivyo damu hurudi nyuma na kuyajaza mapafu maji. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini mwanamke ambaye hakuwahi kujijua kuwa ni mgonjwa huanza kukosa pumzi katika ujauzito, damu inapoongezeka na mapigo yanapopanda kwa pamoja, na kwa nini dalili yake haipaswi kuitwa uchovu wa mimba. Chumba cha juu cha kushoto, kikiwa kimetanuka kwa shinikizo, hupata mpapatiko kwa urahisi, na mpapatiko pamoja na vali iliyobana ni mchanganyiko unaozalisha mabonge ya damu kuliko mpapatiko peke yake. Aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi hudungwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi ili koo lisiambukizwe tena na kuziharibu vali zaidi, na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa mwaka 2018 ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziukabili ugonjwa huu.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Kuzimia ni dalili nzito kuliko zote zinazoweza kuambatana na mapigo ya moyo, na kuzimia wakati wa kukimbia, kucheza mpira au kufanya kazi ya nguvu ni jambo la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo hata kama mtu amezinduka na kusema hajambo, kwa maana ya kwamba vyumba vya chini huenda vilishindwa kusukuma damu kwa sekunde kadhaa. Hali nyingine za dharura ni maumivu au uzito kifuani, hasa yanayoelekea mkono wa kushoto, shingo au taya pamoja na jasho baridi, kukosa pumzi mtu akiwa ametulia au analala, kuchanganyikiwa, midomo kubadilika rangi, na mapigo yanayozidi 150 kwa mtu mzima aliyetulia na yasiyoshuka baada ya dakika kumi hivi. Mdomo kwenda upande, mkono mmoja kulegea au maneno kutotamkika ni kiharusi mpaka kithibitishwe vinginevyo, na mgonjwa wake hasubirishwi hata saa moja. Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba moyo unamwenda mbio, lakini anayekatiza kunyonya akihema, anayetoka jasho kichwani wakati wa kunyonya, au aliyepauka na kulegea, ndivyo anavyosema.

Wapo pia ambao kwao hata mapigo mepesi yanafaa kuchunguzwa mapema: mwenye ugonjwa wa moyo uliokwisha kujulikana, mwenye presha au kisukari cha muda mrefu, mjamzito na aliyejifungua karibuni, na yule ambaye katika ukoo wake kuna aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40 bila sababu kujulikana. Miguu kuvimba jioni na kuhitaji mito miwili au mitatu ili kulala ni ishara za moyo unaoelemewa. Nje ya makundi haya, mwenye mapigo ya kurukwa yanayokuja na kupita bila dalili nyingine anaweza kupanga siku ya kwenda kituo cha afya ndani ya wiki moja au mbili.

Wakati mapigo yanapoanza

Jambo la kwanza ni kuketi au kulala, kulegeza nguo na kuhesabu mapigo. Anayehisi kizunguzungu asiendeshe gari, na asipakizwe nyuma ya bodaboda, usafiri ambao kwa wengi ndio ulio karibu, kwa sababu akizimia njiani ataanguka barabarani. Bajaji au gari la jirani, akiwa na mtu wa kumshika, ni afadhali hata kama litachelewa kidogo.

Kwa wenye mbio za ghafla ambazo daktari amekwisha kuzitambua, ipo njia isiyo na gharama. Mgonjwa huketi akiwa ameegemea, hupuliza kwa nguvu katika bomba tupu la sindano la mililita 10, kiasi cha kutaka kuisogeza pistoni yake, kwa sekunde 15, kisha hulazwa chali mara moja na miguu yake huinuliwa na msaidizi kwa sekunde nyingine 15. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba njia hiyo iliurudisha moyo katika mwendo wake kwa wagonjwa 43 katika kila 100, ikilinganishwa na 17 kwa kupuliza peke yake bila kulazwa. Inafaa mtu aifundishwe kwanza na mhudumu wa afya, na haiwahusu wenye maumivu ya kifua au waliokaribia kuzimia. Kukanda shingo na kubonyeza mboni za macho ni mambo yanayoweza kudhuru, na hayafai kujaribiwa nyumbani.

Aliyeanguka, asiyeitika na asiyepumua kawaida hapaswi kumwagiwa maji wala kupepewa. Anahitaji kukandamizwa katikati ya kifua kwa mikono miwili iliyonyooshwa, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma mpaka msaada ufike.

Kinachomsaidia daktari

Kipimo cha umeme wa moyo, kinachojulikana hospitalini kwa herufi ECG, kilifikishwa katika ubora wake wa kwanza na Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa karne ya 20, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Huchukua dakika chache na hakiumizi, lakini kina upungufu mmoja ambao wagonjwa wengi hawauelewi: huonyesha yale tu yanayotokea wakati nyaya zimebandikwa. Anayefika siku ya tatu baada ya mbio kuisha huweza kuambiwa kwamba moyo wake ni mzima, na jibu hilo likawa sahihi na lisilotosha kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwenye mapigo yanayorudiarudia aende kwenye kituo kilicho karibu chenye kipimo hicho wakati moyo bado unakwenda mbio, aombe karatasi yake, na aitunze, maana karatasi moja ya wakati huo ina thamani kuliko kumi za siku za utulivu. Pale mbio zinapokuwa fupi, daktari humvisha mgonjwa kifaa kidogo kinachorekodi umeme wa moyo kwa saa 24 au zaidi, kinachoitwa kwa jina la mvumbuzi wake, Norman Holter.

Mgonjwa anaweza kukamilisha kazi hiyo kwa daftari lenye tarehe na saa, muda uliopita kabla ya mapigo kutulia, alichokuwa akifanya, alichokula au kunywa, idadi aliyoihesabu, na kama mwanzo ulikuwa wa ghafla au wa polepole. Tabibu ataongeza kipimo cha himoglobini, presha, sukari, chumvi za damu na homoni za thairoidi, na akihisi mnong'ono wa vali kifuani ataagiza eko, kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti kuuonyesha moyo ukifanya kazi. Mahali ambapo eko haipo, rufaa huelekezwa katika hospitali kubwa, kwa mfano Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam, na rufaa hiyo haifai kuwekwa kabatini kwa sababu mtu amepata nafuu.

Matibabu hufuata chanzo. Aliyepungukiwa damu hurudishiwa damu yake, mwenye thairoidi hutulizwa tezi, na njia ya ziada ya umeme huweza kuunguzwa kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, tiba ambayo kwa wengi huwa ya kudumu. Mwenye mpapatiko mara nyingi hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, na kwa mwenye vali iliyobana kutokana na baridi yabisi dawa hiyo ni warfarini, inayohitaji damu kupimwa mara kwa mara kwa kuwa kipimo chake kikizidi huleta kuvuja damu na kikipungua hakikingi. Msomaji aliye na vidonge vya jirani vya kutuliza mapigo, mathalani propranololi, anaombwa avirudishe kwa mwenyewe: kidonge hicho kinachomtuliza mmoja huweza kuibana mirija ya hewa ya mwenye pumu hadi akakosa pumzi.